Sanduku Lenye Doa la Kahawa

Mwalimu wetu wa shule ya usiku alikuwa bingwa wa kuchora mkasi. Alisimama ubaoni, akavuta mstari mmoja unaopanda na mwingine unaoshuka, ikakatana katikati, akasema: "Huu ni ugavi, haya ni mahitaji. Ukiujua mkasi huu, hakuna soko litakalokukata."

Nilimwamini kama mgonjwa anavyomwamini daktari. Nilihitimu nikiwa wa kwanza. Sawa, tulikuwa tumebaki wanne, na mmoja aliugua siku ya mtihani, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Cheti changu cha biashara nilikitundika dukani kwangu mtaa wa Mahabibo, pale mjini Mahajanga, juu ya feni mbovu na redio zinazosubiri wenyewe, na kwa miaka kadhaa hakuna soko lililonikata. Liliponikata, lilinikata mbele ya watu, nikiwa bwana harusi, na kanzu yangu imekunjamana kama jani la kabichi.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja. Watu nitakaowaleta hapa walisema Kimalagasi sokoni na Kikomoro nyumbani. Kiswahili hiki nilikipata baadaye Unguja, nilikokaa nikitengeneza redio, nikakipenda kuliko redio zenyewe. Kwa hiyo maneno ni yangu, ila kejeli ni zao.

Mashine ya gemu ya kwanza niliiona mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa bado navaa kaptula. Fundi mmoja wa meli aliishusha pamoja na televisheni yake, akaja nayo kwa jirani yetu. Vijiti viwili vyeupe na nukta moja inayorukaruka, basi. Watu wazima ishirini walikaa mkekani wakiitazama ile nukta kama wanaomwangalia mgonjwa akivuta pumzi. Marehemu baba yangu akauliza, "Na hii inauzwa?" Akaambiwa inauzwa. "Na wanunuzi wapo?" Wapo, wanagombana. Baba akavaa viatu akaondoka bila kuaga. Alikuwa mtu aliyeona mengi, lakini siku ile alifika nyumbani, akakaa kitandani, akamwambia mama, "Dunia imepata pesa za kuchezea nukta." Hakula.

Laiti angeishi mpaka katikati ya miaka ya tisini. Nukta ile ilikuwa imezaa vita. Binamu yangu, baharia wa meli za Reunioni, ndiye aliyeniletea habari zake, pamoja na magazeti yenye picha. Kampuni kubwa za ng'ambo zilikuwa zikipigana kwa mashine za gemu. Moja ilikuwa na mashine nyeusi, nyingine ilikuja na ya kijivu inayokula sidii. Moja ikishusha bei asubuhi, alisema binamu, nyingine inashusha kabla ya chai ya saa nne. Na madukani hazitoshi! Watu wanalala barabarani. Foleni aliyoiona kwa macho yake, ingelikuwa kwetu, ingeanzia Mahabibo na mkia wake kuishia ufukweni Antsanitia, ndani ya maji.

"Kwa nini wasitengeneze nyingi?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye mwenye cheti," akanijibu. "Kitu kikiwepo kila mahali, nani atakilalia barabarani?"

Nilishtuka. Mwalimu hakutufundisha kwamba mwenye mkasi anaweza kuubana kwa makusudi.

Binamu aliniletea moja tu, ya kijivu, ndani ya sanduku lake, imefungwa kwa mkanda wa kiwandani. Dukani kulikuwa na unyevu na panya wenye tabia za kibinadamu, kwa hiyo nikaliweka sanduku chini ya kitanda cha mama, mahali salama kuliko benki yoyote ya kisiwa chetu kikubwa. Asubuhi ya kwanza nikamkuta mama amelivuta nje, amekaa, na kikombe chake cha kahawa kiko juu ya sanduku.

"Mama! Hiyo imetoka ng'ambo!"

"Na kahawa je, imetoka wapi?" akasema. "Kwani limekufa?"

Halikufa, ila kwenye pembe ya sanduku likabaki doa la duara, la rangi ya udongo. Nilisugua kwa limau, nikasugua kwa mate. Lilikaa kama mpangaji asiyelipa.

Mwezi huohuo pasi ya mama ikaibwa. Ilikuwa pasi ya mkaa, ya chuma, nzito, yenye kijogoo mbele cha kufungia kifuniko, urithi wa mama yake. Mama alilia mtaa mzima ukasikia. Aliwalaani wezi mpaka nikawaonea huruma. Nikamwambia nitamletea ya umeme. "Pasi ya umeme haina roho," akasema, na tangu hapo nguo zetu zikawa zinanyooshwa kwa kulaliwa chini ya godoro. Kila Alhamisi mama aliondoka na mikunjo yake kwenda Belobaka, nje kidogo ya mji, kudarizi na chama chao.

Sasa, kwetu sisi watu wenye asili ya Komoro, mwanamume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke. Na kabla yeye hajaingia, vitu vyake vinatangulia: dhahabu, vitambaa, vyombo, masanduku, vikibebwa vichwani na juu ya posiposi, zile gari za kuvutwa na mtu, huku wanawake wakiimba. Mlangoni anasimama shangazi mwenye sauti kuliko wote, anaita kila kitu kwa jina, na mtaa unasikia. Kilichoitwa mlangoni hakisahauliki. Watu wamesahau majina ya wajukuu zao wenyewe, lakini wanakumbuka kwamba bwana fulani aliingia na sufuria kumi na mbili.

Msimu ule kijana mmoja alikuja likizo kutoka Ufaransa kuoa, akaingia na videografu, ile mashine ya kuchezea kanda za video. Jamani! Mtaa ulitetemeka. Wiki iliyofuata bwana harusi mwingine akaja dukani kwangu anatweta. "Nataka kitu kinachozidi videografu."

Nikalitoa sanduku. Akalitazama lile gari la mashindano lililochorwa juu, likitoa moshi, akanunua bila kuuliza kilichomo kinafanya nini. Nikalisindikiza kwa macho likipita barabarani juu ya posiposi peke yake, kama sultani. "Mashine ya gemu mojaaa! Kutoka Japani!" Vigelegele vilipasua hewa.

Siku kumi na tano baadaye, mama mkwe wa yule bwana akaingia dukani kwa mlango wa nyuma, leso imefunika kitu kichwani.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "kitu hiki hakipiki, hakifui, hakishoni. Kimetazamwa, kimesifiwa, sasa kinanila nafasi. Nipe cherehani."

Nikaligeuza sanduku: mkanda wa kiwandani haujaguswa.

"Hamkufungua?"

"Tufungue kwa nini? Kipya kikifunguliwa ni kipya tena?"

Nikampa cherehani, nikalipokea sanduku. Wiki ileile bwana harusi wa pili akaja. Nikauza. Mama mkwe wa pili naye akaja kwa mlango wa nyuma, akataka jokofu dogo la mitumba. Wa tatu akataka feni na mabati. Kila mmoja aliniapisha nisimwambie mtu, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake duniani aliyefanya ujanja huo. Nami nikawawekea sharti moja, ambalo lilinifanya nijione nimempita mwalimu wangu: mkanda ukikatika, sipokei. Sanduku moja, harusi sita! Kampuni kubwa za ng'ambo zilikuwa na mashine milioni na hazikutosheleza wateja. Mimi nilikuwa na moja, nikatosheleza Mahabibo nzima.

Mama mkwe wa nne alinitia wasiwasi kidogo. "Ukiliinamisha linagonga," akasema. "Ndani kuna kitu kizito kinagonga."

"Ndiyo injini, mama," nikamjibu, na nikaamini nilichosema.

Kwenye harusi ya tano, shangazi mmoja mwenye macho ya mwewe aliniita kando. "Mbona sanduku hili lina doa kama lile la wiki nane zilizopita?"

Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. "Hiyo ni alama ya kiwanda, shangazi," nikasema. "La kweli lazima liwe na duara."

Neno likitoka halirudi. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mshindani wangu, muuza redio mnene mwenye kicheko, aliyekuwa akiniita "Bwana Cheti". Kwa kuniona nauza sana, naye akajitahidi, akapata mashine tatu za kijivu, halali, safi kama meno ya mtoto. Akazipanga mbele ya duka. Mashangazi wakaenda, wakaziinamia, wakatafuta kwenye pembe. Hakuna duara. Wakatema mate pembeni.

"Bandia hizi!"

"Bandia vipi, mama zangu? Risiti hii hapa!"

"Risiti inaandikwa na mtu. Alama yake iko wapi?"

Siku ya pili akanijia dukani, hacheki. "Bwana Cheti, kuna alama gani ambayo sina?" Nikamwambia ni siri ya kampuni. Baada ya wiki niliziona zile mashine tatu zina madoa, lakini maskini alitumia chai, yakatoka mekundu, na mashangazi wakasema sasa ndiyo wamehakikisha ni bandia. Mpaka leo nikikumbuka uso wake nacheka, kisha naona aibu, kisha nacheka tena.

Kubwa kuliko hilo, gazeti la binamu likaja na habari kwamba kampuni ya kijivu imeshusha bei yake kuikaba ile ya nyeusi. Mwalimu alisema bei ikishuka wanunuzi wanaongezeka. Kwetu, kama mama mmoja tu angelijua kwamba kitu kile kimeshuka bei, asingelikipokea mlangoni hata kwa kupewa bure. Nililificha gazeti lile ndani ya gunia la mchele. Mkasi ulikuwa umegeuka juu chini, na mimi ndiye niliyeshika mpini.

Ndipo nikapenda.

Alikuwa fundi cherehani wa kisiwa cha Nosy Be, amekuja Mahajanga kununua nyuzi. Aliingia dukani kuuliza feni, akaona cheti changu, akasema, "Hicho kimetundikwa upande." Nilikitazama: miaka minne kilikuwa upande, na hakuna aliyeniambia. Nikajua ndiye. Mwaka haukuisha tukaposa.

Kwao mwenye neno alikuwa nyanya yake, ambaye nyumba nzima ilimwita koko. Mwanamke mfupi, ukimtazama unadhani upepo utamchukua. Akisema, upepo ndio unaoondoka. Alipopokea posa alitutumia ujumbe Mahajanga kwa mdomo wa mjomba wao: "Nasikia huko kwenu vitu huingia kwa ngoma na kutoka kimyakimya. Hapa kwangu, kitu kikiingia kinafunguliwa, kikifunguliwa kinakaa. Kama mwanamume huyo ana mapambo tu, meli iliyomleta imrudishe."

Wengine wangetetemeka. Mimi nilifurahi! Mimi nilikuwa na kitu cha kweli. Mashine nzima, mpya, haijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Nikaamua sanduku liende kwa mara ya saba, kwa harusi yangu, na huko lifunguliwe, na likae. Nilijifunza maelekezo kwenye gazeti: waya upi unaingia wapi, kitufe kipi kinaendesha gari. Niliota usiku nikimwendeshea koko gari.

Mama tu ndiye hakuwa na furaha. "Mwanangu," alisema tukifunga mizigo, "si uliache hilo sanduku? Mpelekee cherehani. Yule ni fundi."

"Cherehani anayo, mama."

"Ya pili."

"Mama, nyanya yake anataka kitu cha kufungua."

Akakaza kamba ya mzigo. Melini aliugua njia nzima, nikadhani ni mawimbi. Kanzu yangu ya ndoa ilisafiri chini ya magunia ya vitunguu ya abiria mwenzetu, na tulipofika Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, nikaitoa ikiwa na mikunjo mingi kuliko uso wa koko. Tukaomba pasi. Shangazi wa bibi harusi akapiga makofi ya huzuni. "Umeme wa wiki iliyopita ulikuja kwa hasira, ukaiunguza. Na ya jirani pia. Mtaa mzima hauna pasi. Bibi harusi mwenyewe nguo yake haijanyooshwa, na za wateja zimejaa kitanda." Basi nikaivaa hivyohivyo, nikinuka kitunguu.

Vitu vyetu viliingia kwa ngoma. Shangazi yangu mwenye sauti aliita mlangoni, na alipofika kwenye sanduku nililiona jina la Japani likipaa mpaka Nosy Komba, kisiwa cha jirani. Vigelegele vikapigwa, lakini vya adabu. Watu wa Nosy Be walikuwa wanasubiri.

"Muiteni huyo mtaalamu," koko akasema kutoka ndani.

Nikaingia. Wanawake wamejaa ukutani, mama yangu karibu na mlango, televisheni imewashwa tayari inaonyesha chenga. Nyuma ya pazia, kwenye chumba cha ndani, alikuwa bibi harusi, ambaye siku hiyo haonekani wala hasikiki.

"Hii ndiyo ile inayosifiwa?" koko akauliza.

"Ndiyo, koko. Ya kijivu. Imeishinda ile nyeusi dunia nzima."

"Sikuuliza imemshinda nani. Fungua."

Mama akaanza kukohoa. Akaletewa maji. Nikakata mkanda ule uliopita harusi sita bila kukatwa. Nikafungua. Juu kulikuwa na kitambaa cheupe kilichodariziwa maua.

"Tazameni adabu ya Wajapani," nikasema.

Shangazi mmoja akakinyoosha. "Hii si kazi ya wadarizi wa Nosy Komba?"

"Inawezekana," nikajibu bila kusita. "Kampuni kubwa hununua popote."

Nikaingiza mikono miwili, nikainua. Ilikuwa nzito. Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa ya chuma, na mbele yake alisimama kijogoo asiye na kilemba.

Nilimsikia kuku wa nyumba ya tatu akimeza mtama. Nilisimama nimekishika kile kitu juu, mbele ya ukoo mzima, kama mwizi aliyekamatwa na ushahidi mkononi.

"Waya wake uko wapi?" koko akauliza polepole.

"Hiyo haina waya, koko," akajibu msichana mmoja kutoka ukutani. "Inatiwa mkaa."

Mtu akacheka, akazibwa mdomo. Koko hakucheka. "Nilituma neno Mahajanga," akasema. "Nilisema kama ni mapambo, meli. Meli bado iko gatini?"

"Koko, si tupu!" nikapiga kelele. "Kitu kimo!" Hata mimi niliona ni utetezi wa kijinga. Macho yangu yalikuwa kwa yule kijogoo. Kilemba chake nilikivunja mimi kwa jiwe nikiwa na miaka saba, nikachapwa. Pasi ya mama! Ile iliyoibwa! Na hata hapo, wallahi, mtu mwenye cheti, wa kwanza darasani, sikuelewa. Nilifikiri: huyo mwizi wa pasi ni mmoja wa wale mama wakwe. Amechukua mashine, akaweka pasi aliyoiiba. Ni yule wa tatu, mwenye mikono myepesi!

"Nimedhulumiwa!" nikasema. "Nitawaambia ni nani. Sanduku hili lilikaa kwa mama mmoja wa Mahabibo, na mama huyo ni..."

"Nyamaza," mama akasema.

Alisema kwa sauti ya utotoni mwangu. Nikalimeza jina la watu lililokuwa tayari kwenye ulimi.

Mama akasogea katikati ya chumba, akaketi chini mbele ya koko, jambo ambalo mtu wa rika lake hakuhitaji kulifanya. "Mama yangu," akamwambia, "hakuna mwizi. Ni mimi. Asubuhi ya kwanza, kabla ya kahawa kupoa."

Nikashika ukuta.

"Kitu kimelala chini ya kitanda changu," akaendelea, "na mwanangu anasema huko ng'ambo watu wanakigombania. Nikataka kujua wanagombania nini. Nililifungua chini, si juu, nikalibandika tena kwa unga wa muhogo. Dada yangu wa Belobaka alikuwa amefiwa na mume. Eda imekwisha, yeye bado anautazama ukuta, hasemi, televisheni ya marehemu imefunikwa shuka. Nikampelekea. Kijana wa jirani akatufungia waya. Gari likaondoka, likagonga, likapinduka. Dada yangu akacheka." Akanigeukia mimi. "Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kabla ya mazishi. Ningemnyang'anyaje?"

"Kila Alhamisi," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbu. "Kila Alhamisi unakwenda Belobaka kudarizi na chama chenu."

"Tunadarizi pia," mama akasema. "Tunapokezana."

"Na pasi?"

"Sanduku lilihitaji uzito. Pasi ilikuwa karibu. Nilidhani utaliuza mara moja, watafungua, watakuja, nami nitakueleza. Likarudi halikufunguliwa. Ukaliuza tena, likarudi. Nikasema, kumbe hawa hawafungui!" Akamgeukia koko. "Sikujua kwamba kuna nyumba wanayofungua."

Nilihesabu vidole. Harusi sita. Sita! Mahabibo nzima ilikuwa imepigia vigelegele pasi ya nyanya yangu, ikaiita mlangoni kwa jina la Japani, ikaiweka ndani ya kabati la vioo. Mshindani wangu alifilisika moyo kwa kushindana nayo. Na "injini" iliyokuwa inagonga... Nilitaka ardhi inimeze, kisha nikaona hata ardhi ingeuliza kwanza kama nina mkanda wa kiwandani.

Koko aliitazama ile pasi mikononi mwangu, akamtazama mama chini. Mjomba wao, mlangoni, alikwisha kuvaa kofia, kama mtu anayejiandaa kwenda kuulizia meli. Niliona maisha yangu yote yakirudi Mahajanga chini ya vitunguu.

Ndipo shangazi aliyekaa karibu na pazia akainamisha sikio, akasikiliza, akakunja uso kwa mshangao.

"Bibi harusi anauliza," akasema, "kifuniko kinafunga sawasawa?"

Watu wakatazamana.

"Kinafunga," mama akajibu. "Kijogoo kinabana vizuri, kilemba tu ndicho hakipo."

Shangazi akasikiliza tena. "Anauliza: majivu hayamwagiki kwenye nguo?"

"Miaka arobaini hayajamwagika."

"Anasema iingizwe ndani."

"Ngoja!" koko akasema. "Mtoto huyu ana akili? Hii ni mali ya harusi au ni pasi?"

Na hapo likatokea jambo ambalo kwao halijawahi kutokea, na wazee walilizungumzia hata mwaka uliofuata. Bibi harusi mwenyewe, ambaye hakupaswa kusikika, akasema kwa sauti kutoka nyuma ya pazia: "Koko, nguo za wateja kumi na mmoja zinanisubiri, na ya kumi na mbili ni yangu! Nitaolewa nikiwa na mikunjo kwa sababu ya mashine ya gari?"

Chumba kizima kikashusha pumzi. Koko akafumba macho. Nadhani alikuwa anatafuta neno lake mwenyewe, lile alilolituma Mahajanga, alizungushe aone kama lina tundu. Mwisho akafumbua.

"Nilisema kikiingia kifunguliwe," akasema. "Kimefunguliwa. Nilisema kikifunguliwa kikae. Kitakaa?"

"Kitakaa, koko," nikasema. "Naapa."

"Mpeni mkaa." Akamgeukia mama, akamnong'oneza, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Na hilo gari. Likipinduka linasimama lenyewe?"

"Lenyewe, mama."

"Hm," koko akasema. "Belobaka ni mbali na gati la Mahajanga?"

Mkaa ukawashwa uani. Nikavuliwa kanzu, nikasimama nyuma ya mlango nimevaa fulana na kikoi, mtaalamu wa ugavi na mahitaji, nikingoja. Nilisikia chuma kikipita juu ya kitambaa, taratibu, kikisimama kwenye pindo, kikirudi. Kanzu ililetwa ingali moto. Niliivaa hivyohivyo, nikaruka kidogo, mgongo ukaniwaka, na harufu ya vitunguu ikawa imekufa.

Nje, mtaa ulikuwa bado umesimama unataka kujua. Shangazi yangu mwenye sauti akanitazama, akamtazama koko, akapata ishara ya kichwa. Akaenda mlangoni, akajaza kifua.

"Ile mashine ya Japani niliyoitaja, ifuteni!" akapaza. "Imeingia pasi ya mkaa mojaaa! Imefunguliwa! Inafanya kazi!"

Sasa nangoja kicheko. Nimejikunja ndani ya kanzu yangu ya moto, nimefumba macho, nangoja mtaa wa Nosy Be unicheke mpaka Mahajanga wasikie. Kilichokuja kilinishtua kuliko yote ya siku ile. Mtaa ambao wiki nzima haukuwa na pasi ulipiga vigelegele, na hata kabla havijaisha, wanawake watatu walikuwa wamekwisha kupanga foleni mlangoni, nguo mikononi.